Maneno Niliyomwongezea Mgombea

Jumanne, mwezi Juni. Mvua ya kutwa.

Imeanza kunyesha kabla sijatoka kitandani, na mpaka sasa, saa moja jioni, haijakoma. Viatu vyangu nimeviweka juu ya gazeti pale mlangoni vikauke. Keshokutwa ni uchaguzi wa bunge la Ontario, na mimi nimekasirika tangu saa nne asubuhi. Nilianza kwa kumkasirikia mgombea. Sasa nimebaki kujikasirikia mwenyewe, na hii ya pili ndiyo inayochosha.

Naandika kwa sababu nikiyasema haya kwa sauti, binti yangu Doreen atatoa kichwa chumbani kwake kuniuliza nagombana na nani.

Jina la mgombea sitaliandika. Anayeishi huku mtaani kwetu Rexdale ameshaichoka sura yake. Ipo kwenye vibao vilivyochomekwa bustanini kwa watu kuanzia barabara ya Kipling mpaka ya Islington, na pale chini tunapongojea lifti vipeperushi vyake vinakanyagwa na kila anayepita. Nitamwita Bwana Kifua. Kila akifika kwenye neno zito huweka mkono wa kulia kifuani na kufumba macho kidogo, hadi mtu asiyemjua anaweza kudhani ana maumivu.

Mimi si mtu wa kudharau siasa. Niliapa uraia nikiwa na miaka arobaini na tatu, nimevaa kitenge kipya, na hii ni mara yangu ya kwanza kupiga kura ya bunge hili. Nimeichukulia kwa uzito mpaka Doreen ananicheka. Nilisoma vipeperushi vya vyama vyote ndani ya basi nikavipigia mistari kwa kalamu nyekundu. Kwetu nilizoea mgombea anayekuja na kofia na kanga, unachukua kanga yako, unakwenda zako, na kura unampa unayemtaka. Huku hakuna kanga. Huku unapewa maneno tu, kwa hiyo nikasema basi maneno yenyewe niyasome vizuri.

Nilikuwa natafuta mambo mawili. La kwanza, atawafanyia nini vibarua. La pili, anasema nini kuhusu yale masomo mapya ya mwili na mahusiano wanayofundishwa watoto shuleni. Nusu ya kanisa letu inayapinga mpaka kutishia kuwatoa watoto madarasani. Nusu nyingine, nikiwemo mimi, bado hatujaamua.

Bwana Kifua alinijibu yote mawili. Tatizo ni kwamba amemjibu kila mtu.

Nieleze kwanza Jumapili ile, maana bila hiyo hasira yangu haieleweki.

Ushirika wetu wa Waswahili unaazima kanisa la Wakanada saa nane mchana, wenyewe wakishamaliza ibada yao. Tupo Watanzania, Wakenya wachache, na Wakongo wengi waliokuja miaka ya karibuni ambao Kiingereza bado kinawapiga chenga. Akija mhubiri mgeni, mkalimani ni mimi. Nimeifanya kazi hiyo miaka minane. Kama hujawahi kukaa kwenye ibada ya namna hiyo, jua tu kwamba mkalimani wa kanisani hatakiwi kuwa baridi. Mgeni akisema kwa upole kwamba Mungu ametutunza, mimi nitasema Mungu ametutoa mbali, ametuvusha kwenye theluji na kwenye makaratasi ya uhamiaji, na leo tumesimama. Watu wataitikia amina mpaka mgeni mwenyewe ashangae alichosema. Akitembea natembea, akinyoosha mkono nanyoosha, na akiishiwa maneno mimi siishiwi. Akina mama huniambia nina upako. Mchungaji naye hupenda kusema kwamba hakuna mhubiri aliyewahi kuharibu siku niliyotafsiri mimi.

Wiki tatu zilizopita Bwana Kifua alikuja. Mchungaji alisisitiza kwamba si kampeni, ni salamu tu za mgeni, kwa kuwa kanisa haliruhusiwi kumpigia mtu debe. Kisha akanipungia niende mbele. Nikaenda kwa mazoea, wala sikufikiri. Nilishika kipaza sauti changu nikasimama kushoto kwake, kama ninavyosimama kila mwezi.

Alianza na familia. Alisema wazazi ndio walimu wa kwanza wa watoto, na sauti yao itasikika kuhusu yale masomo. Hapo nilitafsiri sawasawa, labda niliongeza chumvi kidogo, "kabla ya serikali yoyote". Amina zikaanza. Halafu akaingia kwenye kazi. Alisema anajua wengi wetu tunafanya kazi kupitia mawakala, leo umeitwa, kesho hujaitwa, na kwamba jambo hilo linamgusa na chama chake kitalitazama kwa makini. Akaweka mkono kifuani.

Mimi nami nikaweka mkono kifuani. Nikasema, mgeni wetu anasema jambo hili limemkaa rohoni. Anasema akishinda, mtu akifikisha miezi sita kwenye kazi ile ile ataajiriwa moja kwa moja, bosi apende asipende. Anasema mambo ya kukaa umeshika simu jioni kungoja kuitwa yamefika mwisho.

Kanisa zima lilisimama.

Hiyo miezi sita sijui niliitoa wapi. Nimekaa hapa najaribu kukumbuka kama niliisoma mahali, labda kwenye kipeperushi cha chama kingine, au kwenye yale magazeti ya bure. Nadhani ukweli ni kwamba niliitamani tu. Mbele yangu kulikuwa na nyuso za watu ninaowafahamu, akiwemo Mama Neema wa kiwandani kwetu kwenye mstari wa pili, na lile "kitalitazama kwa makini" lilikuwa uji mwepesi mno kuwapa watu waliokuja kanisani moja kwa moja kutoka kazini. Bwana Kifua, ambaye hajui hata kusema asante kwa Kiswahili, alikuwa anatikisa kichwa kukubaliana na kila neno langu.

Baadaye tulikula pilau kwenye ukumbi wa chini. Alikula sahani mbili akapiga picha na watoto.

Shaka ya kwanza ililetwa na Doreen, Jumatano iliyofuata. Yuko mwaka wa mwisho wa sekondari, na Bwana Kifua alikuwa amekwenda shuleni kwao kuzungumza na wanafunzi ambao wanaanza kupiga kura mwaka huu. Doreen alikuwa anapaka siagi mkate, hata hakunitazama. "Mom, kwetu alisema yale masomo yanabaki vilevile," akaniambia kwa mchanganyiko wake. "Everybody clapped, wote walipiga makofi." Nikamtetea. Ndiyo, nilimtetea, nikamwambia labda hawakumwelewa. Doreen akanijibu kwamba yeye amezaliwa hapa, na kama kuna mtu nyumba hii asiyeelewa Kiingereza, si yeye.

Tangu hapo nilianza kukisoma kipeperushi cha mgombea kwa jicho jingine.

Shaka ya pili nilijionea mwenyewe, Alhamisi iliyopita.

Nafanya kazi kwenye kiwanda cha kufungasha vyakula vikavu, upande wa uwanja wa ndege. Mimi niko ofisini, napanga zamu. Kila siku saa tisa mchana napiga simu kwa wakala kuwaambia kesho tunataka watu wangapi, na wakala ndiye anayechagua nani aitwe na nani abaki nyumbani. Mama Neema, huyo niliyesema alikaa mstari wa pili, anafungasha pale kwa mwaka wa nne sasa, na kila jioni hajui kama kesho ana kazi. Ni Mkongo wa Bukavu, ana watoto watatu, na hajawahi kuchelewa hata siku za theluji. Kwa hiyo wote wawili tunafanya kazi chini ya paa moja, yeye akiwa wa wakala, mimi nikiwa wa kiwanda. Tunapendana. Ila saa tisa ikifika, mwenye simu ni mimi.

Mwenye kiwanda ni Bwana Alnoor, Mwismaili aliyezaliwa Mwanza, siku hizi anakaa Unionville. Kiswahili chake kitamu kuliko changu na akikasirika huhesabu kwa Kigujarati. Alikuwa amechukua meza nzima kwenye kifungua kinywa cha wenye viwanda, kwenye hoteli moja karibu na uwanja wa ndege, na meza lazima ijae, kwa hiyo tukabebwa watu wa ofisini. Nimekaa na mayai yangu, nainua kichwa, namwona Bwana Kifua anapanda jukwaani.

Aliwaambia wenye viwanda kwamba anajua wanavyobanwa. Aliwaambia hatakubali mtu yeyote aguse uhuru wao wa kuongeza na kupunguza watu kadiri kazi inavyokuja. Aliwasifu mawakala, akasema ndio wanaofanya uchumi wa eneo hili upumue. Kuhusu yale masomo ya shule, mtu mmoja alimuuliza, naye akasema hilo ni suala dogo ambalo halipaswi kututoa kwenye uchumi. Halafu akaweka mkono kifuani na kufumba macho. Ni mkono ule ule wa kanisani.

Nilikitazama kile kifua nikajiuliza kina vyumba vingapi.

Kanisani jambo la vibarua lilikuwa linamgusa. Hotelini uhuru wa kuwaita na kuwaacha vibarua hao hao ndio uliokuwa unamgusa. Kanisani wazazi watasikilizwa, shuleni hakuna kitakachobadilika, hotelini ni suala dogo. Na mahali pote hapo alionekana anamaanisha, hilo ndilo lililoniudhi zaidi. Mwongo anayekwepa macho unaweza kumkamata. Huyu anakutazama usoni, anakushika mkono kwa mikono yake miwili, na nina hakika dakika ile anajiamini kabisa.

Alipomaliza akapita meza kwa meza akisalimia. Alipofika kwetu akanikumbuka. Uso ukamchangamka, akawaambia wenzake kwa Kiingereza kwamba mimi ndiye mkalimani wake. Kisha akaniinamia kidogo.

"Sijui uliwaambia nini wale watu," akasema, "lakini endelea hivyohivyo."

Akacheka, akaenda meza ya pili.

"Kumbe mnajuana, bana," Bwana Alnoor akasema. Ndani ya gari, wakati tunarudi kiwandani, nilimweleza yote aliyoyasema kanisani na shuleni kwa kina Doreen. Nilitegemea ashangae. Hakushangaa.

"Mama Doreen, yule anauza," akaniambia. "Mimi pia nauza. Kura yangu iko Unionville, huku nina kiwanda tu, lakini ameshanipigia simu mara tatu. Wewe ulinunua bila kufungua boksi, sasa unamlaumu nani?"

Angalieni lakini, nilipomsimulia bosi aliyoyasema mgombea kanisani, nilimsimulia na ile miezi sita. Niliisema kabisa, kama kitu kilichotoka kinywani mwa yule mtu. Nilikuwa nimeirudia mara nyingi kichwani mpaka nimesahau kwamba mama yake ni mimi.

Siku hiyo hiyo nilimwandikia mgombea barua pepe. Nilimuuliza kwa adabu, mheshimiwa, unasimamia lipi kati ya haya? Ijumaa nikajibiwa na mashine. Ilinishukuru kwa kumuunga mkono na kuniuliza kama ningependa kuwekewa kibao chake kwenye bustani yangu. Naishi ghorofa ya kumi na moja. Bustani yangu ni kopo moja la vitunguu dirishani.

Jumapili, juzi, nilikuwa kanisani nyuma kabisa ya Mama Neema. Baada ya ibada niliwaambia akina mama wawili watatu kwamba yule mgombea ni ndumilakuwili, nikasimulia mambo ya hoteli kwa mbwembwe zote, wakasikitika na kutikisa vichwa. Mama Neema alikuwa jikoni anaosha sufuria, hakusikia. Na hata hao waliosikia sikuwaambia kwamba ahadi waliyosimama kuipigia makofi haikuwa yake. Nilishughulika na dhambi zake tu.

Basi tufike leo.

Saa nne asubuhi, wakati wa chai, Mama Neema akaja kwenye dirisha la ofisi yangu ameshika chapati yake. Alikuwa amechangamka, na kwa kawaida si mtu wa kuchangamka asubuhi.

"Mama Doreen, ile kazi ya ku école, nilishaikatala," akaniambia.

Ilibidi nifikiri kidogo. Mwezi wa nne nilimjazia fomu ya kazi ya usafi kwenye shule ya msingi iliyo karibu na kwake. Ni kazi ya kudumu. Saa chache kuliko za kiwandani, lakini unajua Jumatatu kwamba Jumanne upo, na ukiugua unaugua bila hofu. Tulikuwa tumesahau kabisa. Kumbe walimjibu, walimtaka, na walimpa mpaka Ijumaa iliyopita aseme ndiyo au hapana. Akasema hapana. Akaniambia mwenyewe kwa nini, anatabasamu.

"Hapa kunakuwa masaa mingi. Na ule mtu wetu akishinda, ni miezi sita tu. Miye niko na miaka ine. Miye njo nitakuwa wa kwanza."

Nikasema, "Ahaa."

Hilo ndilo neno pekee lililonitoka. Mimi, mwenye upako, ambaye siishiwi maneno. Kengele ya kurudi kazini ikalia, akaondoka na chapati yake, nami nikakaa nikiangalia orodha ya zamu bila kusoma kitu. Kama Alhamisi, nilipotoka hotelini, ningemfuata pale kwenye mashine na kumwambia ukweli, Ijumaa angesema ndiyo. Nilikuwa na mchana mzima. Niliutumia kumwandikia barua pepe mheshimiwa.

Mchana nilipiga simu shuleni. Karani alikuwa mpole sana, na upole wake ndio ulionimaliza. Nafasi ilijazwa jana. Ataliweka jina la Mama Neema kwenye orodha ya akiba.

Saa tisa nikapiga simu nyingine, ile ya kila siku. Leo mlituletea watu kumi na tisa, kesho tuleteeni kumi na wawili. Sikuuliza ni nani atakayeachwa. Sijawahi kuuliza, kwa sababu nikiuliza nitajua.

Baada ya kazi nilimkuta Mama Neema kituo cha basi cha Islington, ndani ya kibanda, mvua inapiga kioo. Tulikuwa peke yetu. Nilimwambia kwa Kiswahili cha kawaida kabisa, nikiwa nimeinama, kwamba mgombea hakusema miezi sita. Akasema hapana, alisema, yeye alikuwepo. Nikamwambia alichosema ni kwamba chama chake kitalitazama jambo. Hayo mengine niliyasema mimi. Nikamweleza na ya hotelini, na ya shule kwamba nafasi imekwenda.

Alikunja mfuko wake wa plastiki, akaukunjua, akaukunja tena. Nilikuwa namsubiri amtukane mgombea ili nimsaidie kumtukana.

"Ule muzungu sikumuamini hata kidogo," akasema mwishowe. "Watu wa politique tunawajua toka kwetu. Miye niliamini weye."

Basi likaja. Akapanda, akaenda kukaa upande wa pili, akatazama nje. Hakuniaga. Mimi sikupanda, nikangoja la nyuma yake, ndiyo maana viatu vimelowa hivi.

Nilipofika nyumbani nilimpigia Mchungaji. Nilimwambia kila kitu, nikamwomba ruhusa ya kuwatangazia watu kwenye kundi letu la simu kabla ya Alhamisi. Alisikitika kweli, ni mtu mwema. Lakini akasema, "Mama Doreen, tungoje Jumapili, tuliseme kwa hekima. Ukilisema sasa hivi itaonekana kanisa linafanya kampeni." Nikamkumbusha kwamba Jumapili kura zitakuwa zimeshahesabiwa. Akasema anajua. Nikamuuliza mbona siku ile mgombea aliposimama madhabahuni haikuonekana kampeni. Akasema mvua kwao imezidi, simu haisikiki vizuri.

Nimezunguka hapa sebuleni nusu saa. Hakuna mtu aliyenilazimisha. Mgombea hakuniomba nimwongezee hata neno moja. Alikuja na shaka yake mwenyewe, anaogopa kuahidi, na mimi nikamvua ile shaka nikamvika uhakika wangu. Wiki tatu nimekuwa nikimpima kama anamaanisha anachosema. Je, mimi nilikuwa namaanisha? Nilimaanisha, na hilo halikumsaidia Mama Neema hata kidogo.

Na nikubali jambo jingine, kwa kuwa hapa naandika mwenyewe. Nilipenda lile kanisa liliposimama. Nilijua ndani yangu kwamba wamenisimamia mimi.

Niliamua kurekodi sauti, niitume kwenye kundi. Nilirekodi mara sita. Mara ya kwanza nilijisikiliza nikaona aibu, nilikuwa nimeanza na "Wapendwa wa Bwana" na sauti inapanda kabisa kama niko mbele ya watu. Nikafuta. Mara ya pili nililia, nikafuta, maana kilio nacho kilikuwa kinaomba amina. Ya tatu nilimsema sana mgombea na mimi nikajipitia juu juu. Mara ya sita nilikaa kwenye kiti cha jikoni, nikakunja mikono, nikasoma kutoka kwenye karatasi kwa sauti ya mtu anayesoma ratiba ya mabasi.

Nilisema: Ni mimi, Mama Doreen. Wiki tatu zilizopita nilitafsiri maneno ya mgombea. Hakuahidi kwamba mtu wa miezi sita ataajiriwa. Hakusema kungoja simu kumefika mwisho. Alisema chama chake kitalitazama jambo hilo. Mengine yote niliyaongeza mimi. Alhamisi iliyopita nilimsikia mwenyewe akiwaambia wenye viwanda kwamba mawakala wataendelea kama walivyo. Keshokutwa mpeni kura mnayemtaka, lakini msimpe kwa sababu ya maneno yangu. Naomba radhi, na zaidi ya wote namwomba radhi Mama Neema.

Nikabonyeza. Kumbe Doreen alikuwa amesimama mlangoni pa chumba chake muda wote huo. Alikuja jikoni, akachukua sufuria kabla sijainuka, akaanza kupika wali mwenyewe.

Mimi kura yangu sijui. Bwana Kifua hapati, hilo limeisha. Nimevitoa tena vipeperushi vya wengine na kuvisoma upya, safari hii bila kumsaidia mtu. Palipoandikwa watatazama, nimesoma watatazama. Vimekuwa vifupi ajabu. Kuna mama mmoja wa chama kidogo ambaye ameandika wazi kwamba hajui kama jambo la vibarua litawezekana ndani ya miaka minne, na ameeleza kwa nini. Nimemwekea alama ya kuuliza kwa kalamu nyekundu. Alhamisi nitakwenda asubuhi kabla ya kazi na kitambulisho changu, na huenda nitampa. Huenda.

Kwenye kundi watu thelathini na kitu wamesikiliza. Mchungaji amesikiliza. Mama Neema amesikiliza, hajaandika kitu, na sina haki ya kumdai aandike.

Wa kwanza kujibu ni Mzee Elisha, Mmanyema wa Kigoma, ambaye anajua Kiingereza cha kununulia mkate tu na miaka yote minane kila alichosikia kwenye mimbari ile amekisikia kupitia kwangu. Hakulaumu. Ameandika swali, kwa herufi kubwa kama kawaida yake, na nimelisoma mara tatu.

"MWANANGU, NA YA WALE WAHUBIRI JE?"